Boti ya kaboni inapoteza mawimbi: toa antena nje, kisha ipandishe juu

Swali la msomaji, kwa ufupi: ana boti ya mbio ya kuchezea, ya umeme na ya kuendeshwa kwa rimoti, ambayo ganda, sitaha na kifuniko chake vyote ni vya nyuzi za kaboni. Antena ya risiva, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti, ameibandika ndani, ubavuni, juu kabisa karibu na sitaha. Ikifika kama mita 60 kutoka ufukweni boti inaanza kukata mawasiliano, hasa inapogeuka kurudi. Rimoti hiyohiyo na risiva hiyohiyo kwenye boti yake ya zamani ya faibaglasi hazijawahi kumsumbua. Anauliza kama kuna njia ya kulimaliza tatizo bila kutoboa sitaha, kama anunue kikuza mawimbi, au arudi tu kwenye rimoti yake ya zamani ya 27 MHz.

Ndugu yangu, kikuza mawimbi hapana, 27 MHz hapana, kutoboa ndiyo. Najua inauma kuitia keekee sitaha inayong'aa namna hiyo, lakini tundu la milimita 4 ndilo dawa yenyewe. Mengine yote utakayofanya ni nyongeza juu yake.

Sababu ni kwamba nyuzi za kaboni zinapitisha umeme. Hazifikii shaba wala alumini, ila zinapitisha vya kutosha, na kitu kinachopitisha umeme huyarudisha mawimbi ya redio yanapokigonga, kisha hudhoofisha kile kidogo kinachojipenyeza. Kwenye 2.4 GHz, masafa ya rimoti yako ya sasa, tabaka la kaboni lisilofika hata milimita moja linatosha kuwa ukuta. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo mawimbi hupita bila taabu, ndiyo maana boti yako ya zamani haikukulazimisha kuwaza antena iko wapi. Kevla, nyuzi nyingine za kutengenezea maganda, nayo haina neno. Risiva yako ni nzima kabisa. Umeifungia tu ndani ya kopo la bati.

Utaniuliza, kama ni kopo, mbona inafika mita 60? Kwa sababu kopo hilo lina mianya. Ukingo wa kifuniko haujashikana na sitaha kwa umeme, kuna tundu la shafti, kuna njia ya waya wa usukani na matundu ya mabomba ya maji ya kupoza. Mawimbi huingia kidogo kidogo humo, yakagongana ndani, na antena ikaokota inachookota. Ila mianya hiyo ina upande. Boti nyingi za mbio zina kifuniko katikati au karibu na tezi (nyuma), na mwendo ukikolea omo (mbele) hunyanyuka. Ikiwa inakwenda mbali nawe, unautazama upande wenye mianya. Ikigeuka kurudi, unakutana na omo iliyonyanyuka, kaboni tupu, na nyuma yake ndiko iliko antena. Dalili uliyoieleza inalingana na hili moja kwa moja.

Lakini kabla hujashika keekee, ondoa shaka moja. Kukata wakati wa kugeuka kuna sababu nyingine inayofanana sana na hii, nayo ni umeme kupungua kwenye risiva. Usukani ukikatwa kwa nguvu mota ikiwa kasi yote, servo, ile mota ndogo inayogeuza usukani, hufyonza umeme mwingi kwa ghafla. Kama umeme wa risiva unatoka kwenye kidhibiti kasi cha mota, na kidhibiti chenyewe ni kidogo au kimepata moto, volti huporomoka. Risiva nyingi zikifika chini ya volti 3.5 hivi huzimika, kisha huwaka upya na kuanza kuitafuta rimoti. Wewe ufukweni unaona boti imekufa sekunde moja au mbili halafu imefufuka, na unailaumu antena.

Kuzitofautisha ni rahisi. Piga kona ileile, kwa kasi ileile, boti ikiwa mita 10 tu kutoka ulipo. Ikikata na hapo, acha kusoma habari za antena, kamtafutie servo umeme wake: betri ndogo ya risiva au kipunguza volti cha peke yake chenye uwezo wa kutosha. Ikipiga kona kumi karibu nawe bila kusita halafu ikakata mita 60, basi ni mawimbi, na tuendelee.

Hakikisha pia kwamba unachokiita kaboni ni kaboni. Kuna maganda ya faibaglasi yaliyopakwa rangi nyeusi au kuvikwa picha ya msuko wa kaboni, na kuna mengine ambayo ni faibaglasi yenye mikanda ya kaboni kwenye kingo na mgongoni tu. Kwa ndani, mahali pasipoonekana, piga msasa sehemu mbili ndogo zilizoachana sentimita 5 mpaka gundi ya juu iondoke na nyuzi zionekane, kisha ziguse kwa ncha za multimita ukipima ukinzani. Kaboni itakupa namba ndogo, faibaglasi haitakupa kitu. Usipime juu ya epoksi inayong'aa, kwa sababu epoksi haipitishi umeme na itakudanganya. Ukigundua kwamba ni mikanda tu, huenda ukahitaji kuisogeza antena sentimita chache ikae mbele ya faibaglasi, na kazi ikaishia hapo.

Yako umesema ni kaboni yote, kwa hiyo tuitazame antena yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapofanya kazi kubwa bila faida. Ule waya mwembamba unaotoka kwenye risiva ya 2.4 GHz si antena wote. Sehemu ndefu ni kebo: ina waya katikati, wavu wa shaba umeuzunguka, na ganda la plastiki juu. Kazi yake ni kusafirisha tu. Inayopokea ni ile ncha ya mwisho ambapo wavu umeondolewa na waya wa kati umebaki peke yake. Urefu wake ni kama milimita 31, robo ya wimbi la 2.4 GHz, ambalo lina urefu wa sentimita 12.5. Milimita hizo 31 ndizo zinazotakiwa kuwa nje ya kaboni. Kebo ikipita ndani ya ganda hakuna hasara. Lakini mtu anayetoa nje sentimita 2 za ncha na kuacha sentimita moja ndani ya tundu la sitaha ameifunga antena shingoni.

Kwa hiyo usiikate ncha hiyo hata kidogo, na usiiongezee waya ukidhani ikirefuka itavuta zaidi. Urefu wake umepimwa kwa ajili ya masafa hayo. Kama kebo haitoshi kufika unapotaka, nunua antena yenye kebo ndefu zaidi ya risiva yako na uibadilishe nzima. Viunganishi vyake ni vidogo mno na havikutengenezwa kuchomolewa mara kwa mara, basi vuta wima kwa kibano, usipindishe, na ukishabonyeza kipya weka tone la gundi laini kisitikisike kwa mtetemo wa mota. Kebo ndefu hupoteza mawimbi kiasi, ila sentimita 20 za ziada zinazoipeleka antena nje zina faida kubwa kuliko hasara hiyo.

Sasa tundu. Chagua mahali palipo mbali na mota, waya nene za betri na kidhibiti kasi, na mbali na chuma chochote kinachosimama juu ya sitaha. Kwenye boti ya mbio, mara nyingi ni karibu na tezi au ubavuni mwa kifuniko. Bandika karatasi ya gundi juu ya sitaha kabla ya kutoboa ili nyuzi zisichanike, tumia ncha kali, zungusha bila kukandamiza, na vaa barakoa kwa sababu vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu. Ukimaliza, paka epoksi kwenye kuta za tundu. Nyuzi zilizokatwa hunyonya maji, na zikigusa wavu wa shaba wa kebo iliyochubuka zitakuletea matatizo ya kutafutwa kwa mwezi mzima.

Halafu simamisha mrija wa plastiki humo, mgumu kiasi, wenye tundu la ndani la milimita 2 au 3. Uwe plastiki. Nimeona watu wakisimamisha kijiti cha kaboni kizuri sana na kuifunga antena juu yake, yaani wameitoa gerezani wakaifunga kwenye nondo. Pitisha antena kutoka chini mpaka milimita zote 31 ziwe sehemu ya juu kabisa ya mrija, zikiwa zimenyooka, na mwanzo wake uwe angalau sentimita 3 juu ya sitaha. Zikizidi ni bora, na sababu yake nitaieleza sasa hivi.

Kuziba ndiko kunakoamua kama kazi itadumu. Ncha ya juu ya mrija ifungwe kabisa, kwa kofia ndogo au kwa plastiki inayosinyaa kwa joto iliyobanwa ikiwa bado moto. Maji yakiingia ndani ya mrija yanaizunguka antena, na antena iliyozungukwa na maji si antena ya 2.4 GHz tena. Mbaya zaidi, maji hupanda na kushuka ndani ya wavu wa kebo kama kwenye utambi, na kebo iliyolowa ndani haikauki wala haitengenezeki. Kule chini, kwenye sitaha, ziba kwa silikoni, lakini isiwe ile inayonuka siki. Hiyo hutoa asidi inapokauka na kula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Ndani ya ganda, acha kebo ikunje kidogo kabla ya kufika kwenye risiva, ili mtu akigonga mrija asing'oe kiunganishi.

Kuna njia ya mkato inayowavutia wengi: kutoa antena nje na kuilaza juu ya sitaha kwa karatasi ya gundi. Kwenye kaboni hii haisaidii. Antena iliyolala milimita mbili tatu juu ya kitu kinachopitisha umeme inazalisha chini yake mkondo unaokwenda kinyume, na viwili hivyo hufutana. Kwa macho iko nje, kwa mawimbi karibu haipo. Lazima isimame.

Kama risiva yako ina antena mbili, usizisimamishe pamoja kwenye mrija mmoja. Antena iliyosimama wima hupokea vizuri pande zote isipokuwa juu ya ncha yake, na hupendelea mawimbi ya rimoti ambayo antena yake nayo iko wima. Ya pili ilaze kwa pembe ya digrii 90 na ya kwanza, juu ya mrija uleule wenye umbo la T au kwenye mrija wake, ikiwa juu ya sitaha kwa sentimita kadhaa. Boti ikilala upande kwenye kona, moja ikipoteza nyingine inaokota. Kama nafasi inatosha antena moja tu kuwa nje, toa moja na uisimamishe. Iliyobaki ndani ya kaboni usiitarajie.

Tuje kwenye urefu, ambao hata wenye boti za faibaglasi wangenufaika wakiujali. Mawimbi yanayosafiri juu ya maji huifikia antena kwa njia mbili. Moja ni ya moja kwa moja, na nyingine inagonga uso wa maji kwanza, ikageuzwa, ndipo ifike. Antena ikiwa chini karibu na maji, njia hizi mbili zina urefu karibu sawa, lakini ile iliyogonga maji imepinduliwa, kwa hiyo zinakaribia kufutana. Ndiyo maana redio inayofika mbali sana ikiwa kwenye ndege huishia karibu ikiwekwa kwenye boti.

Hesabu yake ni ya kushangaza kidogo. Angani, ukizidisha umbali mara 2, nguvu inayopokewa inabaki robo. Juu ya maji matulivu, baada ya mita chache za mwanzo, ukizidisha umbali mara 2 inabaki sehemu 1 kati ya 16. Huo ndio ubaya. Uzuri ni kwamba urefu nao unalipa: antena ikipandishwa mara 2 juu ya maji, nguvu inayopokewa huongezeka mara 4. Ukiitoa sentimita 4 juu ya maji ukaiweka sentimita 16, umeongeza nguvu mara 16, na umbali wa boti kudhibitika unakaribia kuwa maradufu. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokupa hivyo kwa uzito wa mrija wa plastiki. Maji yakiwa na mawimbi hesabu huvurugika, lakini mwelekeo haubadiliki.

Hesabu hiyo inafanya kazi upande wako pia. Aliyeketi kwenye kiti kifupi ufukweni na rimoti mapajani amejipunguzia umbali mwenyewe. Simama, na kama kuna gati au kingo iliyoinuka, panda juu yake. Na usiielekeze ncha ya antena ya rimoti kwenye boti kana kwamba unalenga bunduki. Pale kwenye ncha ndipo inapotoa mawimbi hafifu kuliko pote. Iache wima, ubavu wake ukiitazama boti. Rimoti zenye antena iliyofichwa ndani ya mpini zina upande wao mzuri, na kijitabu chake hueleza. Usizifunike kwa kiganja.

Kwa boti ya mbio, mrija wa sentimita 12 hadi 15 unavumilika. Ukirefuka sana unapinda kwa upepo na kuvunjika boti ikipinduka. Wenye boti za matanga wana bahati ya kuwa na nafasi zaidi, ila mlingoti wao mara nyingi nao ni wa kaboni, na kamba za kuushika huwa za chuma. Kwao antena ikae mbali na mlingoti, sentimita 10 na zaidi kama inawezekana, la sivyo kila boti ikigeuza tanga kuna upande utakaokuwa kivulini.

Uliuliza njia ya kuepuka kutoboa. Ipo moja ya heshima: badilisha kifuniko. Ukitengeneza au ukinunua kifuniko cha faibaglasi au plastiki ngumu inayopitisha mwanga, unaweza kusimamisha antena ndani chini yake, milimita zote 31 za ncha zikiwa juu ya usawa wa sitaha, ndani ya kibanda cha kifuniko. Sitaha inabaki nzima. Sharti ni kwamba kifuniko chenyewe kiwe na kimo. Kikiwa bapa, antena inabaki chini ya ukingo wa kaboni na unarudi kwenye kuchungulia kupitia dirisha. Na karatasi ya gundi unayozibia kifuniko isiwe ile yenye alumini. Mimi ningetoboa, kwa sababu urefu juu ya maji unaupata kwa mrija tu.

Ukimaliza, pima, na upime boti ikiwa majini. Kipimo cha juu ya meza hakikuambii lolote kuhusu maji. Rimoti nyingi zina hali ya kupima umbali inayopunguza nguvu yake. Kijitabu kitakuambia hatua ngapi zinatakiwa, mara nyingi kama mita 30. Muombe mwenzako ashike boti ikielea, aizungushe polepole duara zima huku wewe ukichezesha usukani, kisha rudieni mota ikizunguka. Hapo ndipo kaboni inapofichuka: usukani utajibu pande zote isipokuwa moja, na upande huo unaonyesha ni kitu gani kinaisitiri antena. Kama redio yako inarudisha taarifa za nguvu ya mawimbi, angalia namba ya chini kabisa katika duara, usiridhike na wastani. Na kama umeweka kamera ndogo kwenye boti, zima Wi-Fi yake kabla ya kupima. Mara nyingi inatumia masafa yaleyale, tena sentimita chache kutoka kwenye risiva.

Siku hiyohiyo weka mpangilio wa ishara ikikatika: mota izime. Ukiisha kuuweka, zima rimoti boti ikiwa imeshikwa mkononi, uone kwa macho. Boti ya kaboni inayoendelea kwa kasi yote bila mtu inaweza kumuumiza aliye majini.

Kuhusu kikuza mawimbi, nchi nyingi zina ukomo wa nguvu kwenye 2.4 GHz, na Ulaya ukomo huo ni miliwati 100, ambazo rimoti nyingi nzuri tayari zinakaribia. Ukiuvuka unavunja sheria na kuwachafulia wenzako masafa. Hata ukiongeza nguvu mara 4, juu ya maji hiyo ni sawa na kuipandisha antena kutoka sentimita 6 hadi 12, jambo ambalo umeshalifanya kwa mrija.

Na ile ya 27 MHz iache. Kaboni huyarudisha mawimbi hayo pia, kwa hiyo ingebidi utoe waya nje vilevile, tena mrefu zaidi, kwa sababu robo ya wimbi lake inakaribia mita 2.8 na hata risiva zilizofupishiwa waya kwa koili bado zinahitaji waya wa kutosha. Inasikia kelele za mota kuliko 2.4 GHz, na mwenzako akiwasha rimoti yenye kristali (kipande kinachochagua chaneli) kama yako boti zenu zote mbili zinapotea. Mahali ambapo masafa ya chini bado hayana mpinzani ni kwenye nyambizi za kuchezea, kwa kuwa 2.4 GHz hufa ndani ya sentimita chache za maji. Ukijenga nyambizi siku moja, hiyo rimoti itakufaa.